Jina la Mafia juu ya meli ya Kaiser

Stempu ya kwanza ya Mafia niliyonunua ilikuwa nyekundu, ya heller 7½, fedha ya koloni la Wajerumani, na juu ya picha ya meli ya Kaiser, mfalme wao, yaligongwa kwa wino wa zambarau maneno mawili: G.R. MAFIA. Nilimlipa muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa Ulaya shilingi laki moja na themanini, nikasubiri wiki tano. Siku bahasha ilipofika sikuweza kungoja hadi nyumbani. Nilikaa palepale kwenye ngazi za posta, nikaifungua, nikalisoma lile jina herufi moja moja. Kisiwa cha bibi yangu. Sikuwahi kuliona limeandikwa kwa udogo ule, wala kunipa furaha kiasi kile.

Ilikuwa ya kughushi. Ilinichukua miezi saba kulijua hilo, na nililijua kwa kuambiwa. Hata hivyo ndiyo stempu iliyonifundisha kuliko zote nilizonunua baadaye.

Nirudi nyuma kidogo. Bibi mzaa mama ni mtu wa Kilindoni, Mafia. Aliletwa Dar es Salaam na ndoa, akatulea sisi wajukuu kwa hadithi za minazi na bahari, na hadi leo akisema "kwetu" hakuna anayeuliza ni wapi. Alikuwa na kopo la biskuti, la bati, ambalo ndani yake mlikuwa na barua za kaka yake aliyebaki kisiwani akifanya biashara ya mbata. Niliruhusiwa kulifungua nilipokuwa na miaka kumi na minne. Zilikuwamo bahasha zipatazo ishirini za zama za Kenya, Uganda na Tanganyika, zile stempu za pamoja zenye kichwa cha mfalme pembeni: jahazi kwenye Ziwa Viktoria kwa senti tano, simba kwa senti kumi, Mlima Kilimanjaro kwa senti kumi na tano. Zilikuwamo pia mbili za zamani zaidi, zisizo za kaka yake, zenye stempu za kichwa cha twiga, ambazo Tanganyika ilianza kuzitumia mwaka 1922.

Nilizipenda mno. Kwa mapenzi hayo nikafanya kosa ambalo sijalisahau. Shuleni rafiki alinionyesha namna ya kutoa stempu: unakata kona ya bahasha, unailoweka kwenye maji ya vuguvugu, stempu inaelea, unaianika kwenye gazeti. Nikazitoa zote kwa mchana mmoja. Bahasha nikazitupa, maana zilikuwa zimechanika na hazikuwa na kazi tena. Muhuri wa posta wa kila bahasha ulikuwa nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi, kwa hiyo leo stempu zile zina vipande vya herufi tu, mbili au tatu, na mwaka usiosomeka. Moja ilikuwa imegongwa pia muhuri wa duka kwa wino wa zambarau, nao uliyeyuka majini ukaacha doa kama la juisi ya zambarau. Jina la duka hilo bibi hakulikumbuka. Aliponiuliza ziko wapi bahasha nikamwonyesha stempu zilizokauka, nyororo, zimepangwa. Alizitazama muda mrefu akasema, "Mwandiko wa kaka yangu ulikuwa mzuri." Barua zenyewe alikuwa nazo bado, lakini anwani ndiyo aliyokuwa akiiandika kwa madaha, kwa kalamu ya kuchovya, jina lake bibi likiwa limenyooka katikati.

Basi ukiwa na kasha la barua za wazee nyumbani, iwe Mafia, Kilwa, Lindi au Mombasa, nakuomba usiloweke kitu. Bahasha nzima yenye stempu ya kawaida inaeleza mambo ambayo stempu peke yake haiwezi: ilitoka wapi, ilifika lini, ilipita wapi, nani alimwandikia nani. Kwa stempu zilizogongwa maneno kwa muhuri wa mkono jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wino wa zambarau wa enzi zile mara nyingi haustahimili maji.

Nilijua kwamba Mafia iliwahi kuwa na stempu zake mwenyewe nilipokuwa mtu mzima, nikitafuta mambo mengine kabisa. Katika katalogi ya stempu ya Stanley Gibbons, ya Uingereza, ndani ya orodha ndefu ya Tanganyika, kulikuwa na kichwa kidogo: Mafia Island. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Nikasoma mara ya pili.

Habari zake zinaanzia baharini. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza iitwayo Pegasus bandarini Unguja, kisha ikakimbilia kwenye mikono ya mto Rufiji na kujificha ndani ya mikoko. Waingereza waliizuia mdomoni mwa mto lakini hawakuweza kuifikia. Walihitaji mahali pa karibu pa kuegesha meli na kurushia ndege, na mahali hapo palikuwa Mafia, kisiwa ambacho Wajerumani walikuwa nacho tangu mapatano ya 1890. Januari 1915 askari wa King's African Rifles wakashushwa, na baada ya siku chache kisiwa kikawa mikononi mwa Waingereza. Julai mwaka huohuo ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli mbili, Severn na Mersey, hadi Königsberg ikaangamizwa tarehe 11.

Ukisafiri leo kwenda Mafia kwa boti la kutoka Nyamisati, unapita pembezoni mwa mikoko hiyohiyo kabla ya kutokea bahari wazi. Nilisafiri njia hiyo mara ya kwanza nikiwa na katalogi mfukoni, na abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa akirudi Kilindoni na magunia ya vitunguu, aliniuliza nasoma nini. Nilipomweleza kwamba kisiwa kilikuwa na stempu zake, alisema, "Za Wajerumani au za Waingereza?" Nikamwambia za wote wawili, moja juu ya nyingine. Akacheka, akasema hata kisimani kwao mambo yalikuwa hivyo, ametawala huyu kabla hajaondoka yule.

Hapo ndipo penye kiini cha stempu hizi. Waingereza walipokiteka kisiwa hawakuwa na stempu za kwao za kutumia huko. Walichukua stempu za Kijerumani zilizotekwa, zenye picha ya meli ya Kaiser, iliyoitwa Hohenzollern, na maneno DEUTSCH-OSTAFRIKA, wakazigonga juu kwa muhuri wa mkono: G.R., yaani Georgius Rex, Mfalme George, na chini yake MAFIA. Kaiser hakuwahi kukanyaga Mafia. Mfalme George wa Tano naye hakuwahi. Katika karatasi ile yote yenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, neno lililo letu ni moja tu, na ndilo lililonifanya nitoe laki moja na themanini bila kuuliza swali.

Maswali yaliulizwa na mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, ambaye nilikutana naye kwenye dirisha la stempu za ukumbusho. Alikuwa akinunua seti mpya ya ndege. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, tukaanza kuzungumza, na baada ya wiki mbili nilikuwa nyumbani kwake Ilala na albamu yangu magotini.

Aliitoa ile stempu kwa kibano. Sikumwona akiangalia neno MAFIA hata kidogo. Aliigeuza, akatazama mgongo, akahesabu meno ya pembeni, akairudisha uso juu, halafu akaweka lenzi kwenye kona ya chini kushoto.

"Binti yangu, huu muhuri wa posta uliusoma?"

Nilikuwa nimeuona. Ulikuwa mweusi, wa duara, umekatwa na ukingo wa stempu. Niliufurahia, kwa sababu nilidhani muhuri wa posta ni ushahidi kwamba stempu ilisafiri kweli. Sikuwa nimeusoma.

"Soma sasa."

Herufi zilizobaki zilikuwa ANGA. Chini yake, sehemu ya tarehe, tarakimu mbili za mwaka zilionekana vizuri: 11.

"Ni mji gani wa Wajerumani unaoishia na ANGA?"

Ilikuwa Tanga, na mwaka ulikuwa 1911. Stempu ilibandikwa kwenye barua Tanga, ikagongwa muhuri wa posta Tanga, miaka minne kabla Mwingereza hajafika Mafia. Tanga yenyewe Waingereza waliishambulia Novemba 1914 wakashindwa vibaya, na hawakuichukua hadi Julai 1916. Hakuna njia ambayo stempu iliyokwisha kutumika Tanga mwaka 1911 ingegongwa G.R. MAFIA na ofisa wa Kiingereza mwaka 1915 ili itumike tena.

Kisha akanionyesha jambo la pili, ambalo kwangu ndilo somo kubwa. Mahali ambapo mstari wa muhuri mweusi na herufi ya zambarau zilipishana, alinitaka niangalie upi uko juu. Nililazimika kuinamisha taa pembeni. Zambarau ilikuwa juu. Ilikuwa imelalia wino mweusi, na ikaacha mng'ao mdogo mahali pale. Kwenye stempu halali iliyotumika mpangilio ni kinyume: kwanza Wajerumani walichapisha, pili Waingereza waligonga jina, tatu posta ikagonga muhuri wake barua ilipotumwa. Wino una mfululizo wake kama tabaka za chokaa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, na anayeghushi kwa stempu iliyotumika hawezi kuupenyeza wino wake chini ya muhuri uliokwishakauka zamani.

Nilinyamaza. Mzee akanimiminia chai, akasema wengi wamepita njia hiyo, akanitaka nisiitupe stempu.

Tangu siku hiyo nasoma stempu kuanzia chini. Neno Mafia ninalifikia mwisho, nikishamaliza mengine yote. Nitaeleza ninavyofanya, kwa sababu nilipokuwa naanza sikupata hata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kunielekeza.

Kwanza ni stempu yenyewe ya Kijerumani. Stempu za meli katika koloni hili zilianza 1901 zikiwa na thamani ya pesa, pesa 64 kwa rupia. Mwaka 1905 koloni likahamia heller, 100 kwa rupia, na stempu zikabadilika: kahawia kwa 2½, kijani kwa 4, nyekundu kwa 7½, buluu kwa 15. Kwa hiyo ukiona G.R. MAFIA juu ya stempu ya pesa, simama hapo, maana stempu ile ilikuwa imepitwa na wakati miaka kumi. Kisha kuna alama ya maji. Stempu za kwanza za heller hazikuwa nayo. Zilizofuata zina alama za umbo kama la msambamba uliosimama kwa ncha. Kuiona, unailaza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi na kudondoshea petroli nyepesi ya kiberiti; alama hutokea kwa sekunde chache kabla haijakauka. Mimi huifanyia hivyo stempu isiyo na wino wa muhuri wa mkono tu. Yenye wino wa zambarau siimwagii kitu chochote, hata niambiwe nini.

Karatasi naiangalia kwa ile taa ya kukagulia noti bandia ambayo kila duka kubwa la Kariakoo linayo. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha na huwaka buluu-nyeupe chini ya taa. Karatasi ya 1915 hubaki imefifia. Nilipoipata taa nilidhani nimepata ufunguo wa milango yote. Baadaye nikaelewa mipaka yake: ile stempu yangu ya Tanga ilipita mtihani wa taa bila shida yoyote, kwa sababu stempu yenyewe ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye wino peke yake. Stempu za kawaida za Kijerumani za thamani ndogo hazikuwahi kuadimika, bei yake ni ya chini sana, na ndiyo maana anayetaka kudanganya huanzia hapo. Hahitaji kuchapisha chochote. Anahitaji muhuri mdogo wa mpira na kibweta cha wino.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye herufi. Hapa nimejitengenezea njia yangu. Kila ninapoona picha ya stempu ya Mafia yenye cheti cha kamati ya wataalamu kwenye orodha za minada, naihifadhi kwenye kompyuta pamoja na picha ya cheti chake. Sasa nina mamia. Ninapopata stempu yenye shaka naipiga picha kwa skana, nairekebisha ukubwa kwa kufuata fremu ya stempu, kisha nailaza juu ya picha iliyothibitishwa na kuifanya iwe nusu uwazi. Muhuri wa mkono ni chombo kimoja kilichotumika mara nyingi. Unaweza kuwekewa wino mwingi au kidogo, kukandamizwa upande mmoja, kuinama. Lakini umbali kati ya M na A, urefu wa mguu wa F, nafasi ya nukta baada ya R, hivyo haviwezi kuhamahama. Nimeona za kughushi zilizochorwa vizuri sana ambazo zilianguka kwa nukta tu.

Rangi ya wino sitegemei. Muhuri wa kwanza unapatikana kwa mweusi na kwa zambarau za namna mbili tatu, na picha ya mtandaoni hubadilisha zambarau kuwa chochote. Nimewahi kubishana na mtu siku mbili juu ya rangi, kumbe kila mmoja alikuwa akitazama skrini yake.

Mtu akizoea mihuri ya awali ataona kwamba kisiwa hakikuishia hapo. Ndani ya mwaka 1915 peke yake Mafia ilipita kwenye fedha tatu, na stempu ndizo zilizobaki kutusimulia. Mwanzoni ni heller za Kijerumani. Halafu stempu hizohizo za meli zikagongwa upya kwa thamani ya senti sita. Baadaye zikatafutwa hata stempu ambazo hazikuwa za posta, zile za ushuru zenye maneno ya Kijerumani Statistik des Waaren-Verkehrs, yaani takwimu za biashara ya bidhaa, zikagongwa duara lenye O.H.B.M.S. Mafia: kwa utumishi wa Mfalme wa Uingereza. Mwisho zikaja stempu za India. Vikosi vingi vilivyopigana Afrika Mashariki vilitoka India na kutumia stempu za Mfalme George zilizoandikwa I.E.F., kifupi cha jeshi la India lililotumwa ng'ambo, za pai na ana, vipande vya rupia, na za rupia yenyewe. Mafia zikaongezwa mistari mitatu: G.R., POST, MAFIA.

Nilipolielewa hili nilifikiria wenye maduka wa Kilindoni na wauza mbata, watu wa aina ya baba yake bibi. Mtu alikuwa na heller mfukoni Desemba, na kabla mwaka haujapita anaulizwa ana na pai. Katalogi huliandika jambo hili kwa mstari mmoja, 100 heller sawa na rupia, 100 senti sawa na rupia, ana 16 sawa na rupia. Natamani tungekuwa na kumbukumbu ya mdomo ya mtu mmoja tu aliyesimama kwenye kaunta siku bei zilipobadilika.

Niseme wazi pia kwamba bahasha nyingi za Mafia zinazouzwa leo hazikuwa barua za watu wa kisiwa. Stempu zilikuwa chache, na maofisa walifahamu kwamba Ulaya kulikuwa na watu wanaozitaka. Mtu wa Jibondo au Chole, visiwa vidogo jirani, aliyetaka kumpelekea ndugu yake habari Kilwa alimpa nahodha wa jahazi. Hilo halizipunguzii thamani machoni pangu, lakini lazima ulijue kabla hujamwamini muuzaji anayekupambia hadithi ya barua ya mapenzi kutoka vitani.

Ukishaikamata Mafia utajikuta unawajua na jamaa zake wa vita hiyohiyo. Wareno waliokalia pembe ya Kionga, mdomoni mwa Ruvuma, waligonga KIONGA kwenye stempu za Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1916. Wabelgiji waligonga stempu za Kongo kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, walipoingia Rwanda, Burundi na upande wa Kigoma. Waliotoka Nyasaland, Malawi ya leo, waliandika N.F., yaani jeshi la Nyasaland, juu ya stempu zao. Kisha Waingereza wakaleta stempu za Afrika Mashariki na Uganda, yaani Kenya na Uganda za leo, zilizoandikwa G.E.A., kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa Kiingereza, hadi twiga wa 1922 alipokuja. Na Wajerumani nao, walipozingirwa na kuishiwa stempu, walichapisha za kwao kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara, za heller 2½, 7½ na rupia moja. Kabla hazijatumika ikafika meli iliyopenya kizuizi ikiwa na stempu kutoka Ujerumani, hivyo zile za Vuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui. Zilifukuliwa 1921, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, na madoa hayo ya udongo wa Usambara ndiyo watu hulipia leo.

Stempu yangu ya kwanza ya kweli nililipia kwa awamu, miezi minane, na ilikuja na cheti cha Royal Philatelic Society London, chama cha wakusanyaji stempu. Wengine hununua cheti cha Wajerumani, cha wakaguzi wa BPP, nacho ni kizuri. Mimi nilichukua kilichokuwapo. Ni stempu ya India, ana moja, nyekundu. Uso wa Mfalme George uko katikati. Juu yake kwa wino mweusi I.E.F. Juu ya hapo tena, kwa wino wa kijani uliokolea, G.R., POST, MAFIA. Mfalme yupo kwa sura na bado wameona haja ya kuandika herufi za jina lake.

Nilimpelekea bibi. Macho yake sasa ni hafifu, kwa hiyo nilimwekea picha yake kubwa kwenye simu. Aliigusa skrini ikahama, nikairudisha. Alilisoma neno la chini kwa sauti, akauliza mwaka. Nilipomwambia 1915 alihesabu kwa vidole, akasema mwaka huo mama yake alikuwa mtoto wa kutambaa. Akanyamaza kidogo, akauliza kama kuna mwandiko wowote upande wa nyuma. Nikamwambia hapana, nyuma ni gundi tu. "Basi itunze," akasema, "na hizo barua za kaka yangu uzichukue pia, uziweke pamoja."

Nimezichukua. Nimezipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kwa kulinganisha mikunjo na tarehe za ndani nimeweza kujua barua kumi na moja zilikuja na stempu zipi kati ya zile nilizoloweka. Tisa bado sijazipata.

Ile nyekundu ya heller 7½ niliihamisha mwezi uliopita. Kwa miaka yote ilikuwa kwenye ukurasa wa Mafia ikiwa na alama ya kuuliza kwa penseli, kisha msalaba. Nilipokuwa naitazama kwa lenzi nikaupuuza wino wa zambarau kabisa, nikausoma muhuri ulio chini yake, mweusi, safi, uliogongwa na karani fulani kwenye kaunta ya posta mwaka 1911. Nimeichomoa kwa kibano na kuiweka kwenye ukurasa wa Tanga.